Chujio Nalo Huguswa

Je, anayetenganisha mema na mabaya anaweza kubaki vilevile? Swali hili hunijia labo, hapa Kolwezi, ninapochovya kijiti katika mkojo wa mama mjamzito. Kikigeuka kutoka manjano kuwa kijani, najua protini imepita mahali ambapo figo zingeizuia.

Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku. Yurea hupita, lakini albumini, iliyo nzito kuliko yurea zaidi ya mara elfu moja, hubaki katika damu. Ukiishia hapo, utadhani utando wa figo ni ungo tu: kikubwa kinabaki, kidogo kinapita, na ungo wenyewe haujali.

Mashine za kusafisha damu zinatufundisha zaidi. Tangu daktari Willem Kolff atumie utando wa selofani Uholanzi mwaka 1943, nyenzo zimebadilika, lakini hili halijabadilika: damu ikigusa utando, ndani ya dakika chache protini hunata juu yake. Nyingine hufunguka maumbo yake, hushikana, hufanya tabaka jipya. Vitundu hubanwa, na tabaka hilo huanza kuamua nini kipite. Utando uliowekwa kuzuia protini sasa umevaa protini.

Wazazi wangu wangelielewa hili. Walikuwa wa Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki lililozaliwa Kolwezi miaka ya 1950, padri Mfransisko Placide Tempels alipokutana na wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao. Kitabu chake cha 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu kinasema kuwepo ni nguvu, na nguvu huathiriana. Wazazi wangu hawakukisoma. Walishika uzima, uzazi na mapendo, na waliamini kwamba hakuna anayekutana na mtu akabaki kama alivyokuwa.

Nalisoma hilo pia katika Injili. Katika Mathayo 13 mwenye shamba anawazuia watumishi kung'oa magugu, ngano isije ikang'oka nayo. Mimi naona na sababu ya pili: kuwalinda watumishi wenyewe, maana mkono unaong'oa nao hushikwa na magugu.

Hata hivyo kutenganisha hakuepukiki; bila figo wala mashine yule mama hataishi. Lakini figo hai hujitengeneza daima, na chujio la mashine huoshwa au hubadilishwa. Basi wazee wa parokia wanaoamua nani apokee komunyo, ambao nao ni chujio, wawe na muda maalumu wa kazi, waulizwe na waumini, na waende kuungama kabla ya kuketi kuwahukumu wengine.