Pomboo, Sikoseli na Swali la Wachumba



Baada ya Misa pale Posta, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, wachumba wawili waliniletea swali. Wamepima damu, na majibu ni AS kwa AS. Ndugu wa binti wanasema, "Achaneni mapema." Wengine wanawaambia, "Mkiwa na imani, fungeni tu ndoa." Wao wakauliza: "Frateri, kwani sayansi imeshatuamulia?"

Tuisikilize kwanza sayansi yenyewe. Sikoseli haiambukizi, wala si laana ya ukoo. Mtoto huugua akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye moja tu, yaani AS, kwa kawaida haumwi. AS wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto SS. Kila mimba, si "mtoto wa nne"! Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli huzaliwa Tanzania kila mwaka. Si jambo dogo.

Lakini jeni hiyo ina upande mwingine. Mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki kwamba wenye AS wana kinga zaidi dhidi ya malaria. Ndiyo maana imeenea sana kwetu. Sasa, ni jeni nzuri au mbaya? Yenyewe haisemi.

Wapo wanaotaka maumbile yatupe jibu. Hapa nawakumbuka pomboo. Boti zinazoondoka mbele ya Kanisa Kuu zinakwenda Unguja, na kule Kizimkazi watafiti wamewafuatilia pomboo kwa miaka mingi, wakimtambua kila mmoja kwa alama za pezi lake la mgongoni. Tukihubiri, tunapenda kusema pomboo humwinua mwenzao mgonjwa juu ya maji apate kupumua. Ni kweli, wameonekana wakifanya hivyo. Ila kule Shark Bay, Australia, watafiti wameona pia madume wakiungana kumzingira jike na kumlazimisha. Kwingineko pomboo wameua watoto wa pomboo wenzao. Tuige lipi?

Mwanafalsafa David Hume alionya kuwa watu huruka kimyakimya kutoka "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo inavyopasa kuwa". Anayesema "pomboo hufanya hivi, nasi tufanye" ameruka. Anayesema "ni AS kwa AS, basi waachane" naye ameruka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakutufundisha kuiga wanyama. Kwake, sheria ya asili ndani ya mwanadamu ni akili inayotafuta mema.

Basi akili itafute. Sheria ya Kanisa haitaji sikoseli kuwa kizuizi cha ndoa. Uchumba nao si ndoa, kwa hiyo wakiachana kwa heshima baada ya kutafakari, hawajatenda dhambi. Wakioana, waingie macho wazi: mtoto apimwe mapema, kliniki wasikose, bima ya afya wajipange. Na waahidiane kuwa usiku wa homa hakuna atakayesema, "Hiyo ni damu ya kwenu." Mimba ikishatungwa, swali la awepo au asiwepo limekwisha. Huyo ni mtoto wao.

Na wewe unayesoma ukiwa SS, nisikie vizuri. Kujitahidi kuepuka ugonjwa si kusema kwamba wewe hukupaswa kuzaliwa. Tukizungumzia vipimo kana kwamba wewe ni hasara iliyoponyoka, tunakosea sana. Wanafunzi walimuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, na Yesu akaikataa hesabu hiyo (Yohane 9).

Sayansi inatupa ukweli wa kuamulia. Kuamua, na kupenda baada ya kuamua, kunabaki kazi yetu na neema ya Mungu.

Kama hujui wewe ni AA, AS au SS, kapime wiki hii, kabla ya mambo ya mahari. Kisha mwambie mchumba wako ukweli wote. Tuombeane.