Mwenye Upara Kutaka Nywele

Watu wamezoea kumcheka mwenye upara. Kisha akitafuta dawa humcheka tena, wakasema ashindana na kadari ya Mola wake. Je, maneno haya ni ya haki?

Katika Sahihi ya Bukhari mna kisa cha watu watatu wa Bani Israili: mwenye mbaranga, mwenye upara na kipofu. Malaika alipomwuliza yule wa pili apendacho zaidi, alitaja nywele nzuri, na kuondokewa na lile lililowafanya watu wamkimbie. Akapewa, wala hakulaumiwa kwa kutaka. Lawama ilimfika baadaye, alipojiwa na maskini mwenye upara kama aliokuwa nao yeye zamani, akamnyima, akadai mali yake ameirithi kwa wazee wake. Zingatia, ewe msomaji: kosa lake halikuwa kichwani.

Basi kujitibu hakuna ubaya. (Ama kuunganisha nywele za watu, hilo lina makatazo yake mbali.) Ubaya u kwa muuzaji. Upara wa kurithi, uwapatao wanaume wengi, hauzuiliwi na mafuta ya nazi wala ya habasoda. Dawa zilizothibiti ni chache: minoksidili ya kupaka, ambayo asili yake ni dawa ya shinikizo la damu, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1988, na finasteridi ya kumeza, mwaka 1997. Nazo hazimfai kila mtu, na zikiachwa, nywele hudondoka tena. Aahidiye nywele kwa wiki mbili, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu juu ya chupa yake, ameongeza kufuru ya neema juu ya uwongo.

Lakini upo upara tuufanyao kwa mikono yetu. Binti mdogo husukwa kwa ajili ya Idi au harusi, nywele zikavutwa hata ngozi ya paji ikakazika. Akilia, aambiwa avumilie, ndio uzuri. Akivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka, mashina hufa, na hapo hapana dawa ya kupaka itakayoyafufua. Na mtoto mwenye mapunye huachwa, eti yatakwisha akikua, naye apokezana kofia na kitana na nduguze. Mapunye ni ukungu uingiao ndani ya unywele. Mafuta ya juu hayaufikii. Dawa yake ni ya kumeza, kwa wiki kadhaa, kwa amri ya daktari, na mtoto huyu hana awezaye kumpeleka ila sisi.