UNYWELE MMOJA TU
Somo: Mathayo 5:33-37



Katika somo hili Bwana Yesu anakataza viapo. Anakataza hata kuapa kwa kichwa chako mwenyewe, na sababu yake ni fupi: mtu hana uwezo wa kufanya hata unywele mmoja kuwa mweupe ao mweusi.

Lakini kijana wa leo atajibu: "Shemasi, neno hilo lilikuwa la zamani. Leo saluni inageuza kichwa kizima kwa saa chache!" Na kweli, huko Ulaya na Marekani nywele za rangi ya dhahabu inayong'aa zimerudi kwa nguvu. Katika miaka ya 2010 wengi kule walipenda kuacha mizizi na rangi yake, ili wakae miezi mingi bila kurudi saluni. Sasa wengi wanataka tena rangi inayoanzia kwenye ngozi ya kichwa, kama ile ya Marilyn Monroe, mwigizaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1962. Yeye mwenyewe nywele zake za asili zilikuwa za kahawia. Na mwaka 2022, Kim Kardashian alipotaka kumfanana, alisema kwamba kugeuza nywele zake kulichukua saa 14.

Picha hizo zinafika katika simu za binti zetu. Zinafika pia katika saluni za Matonge kule Brussels na Château d'Eau kule Paris, ambako ndugu zetu wengi wanatengenezewa nywele. Tusijifanye kama hatuoni.

1. Tuijue kazi yenyewe. Dawa ile ni unga wa kuondoa rangi, uliochanganywa na maji ya oksijeni. Ni jamii ya yale maji ya kusafishia vidonda, lakini makali zaidi. Inaingia ndani ya unywele na kula rangi iliyomo. Unywele mweusi unakuwa mwekundu, kiisha rangi ya chungwa, kiisha manjano. Basi, saluni haikuweka kitu, iliondoa. Tena unywele ulio nje ya ngozi umekwisha kufa. Kilicho hai ni mzizi, na dawa haibadilishi rangi ya mzizi. Kwa mwezi mmoja mzizi unasukuma nje karibu sentimita 1 yenye rangi yake ileile. Kwa hiyo neno la Bwana lingali limesimama.

2. Tuhesabu gharama. Mwenye kutaka rangi hiyo ikae safi anapaswa kurudi saluni kila wiki 4 ao 6. Ni mara 8 mpaka 13 kwa mwaka! Nywele zinakauka na kukatika, na ngozi ya kichwa inaweza kuungua. Na feza hiyo inatoka wapi? Inatoka pahali pale panapotoka unga, kodi ya nyumba na masomo ya watoto.

3. Tuone fundisho. Juu ya nini Bwana alitaja nywele katika somo la viapo? Kwa sababu mtu anayeapa anajua kwamba neno lake peke yake halitoshi. Akiapa leo, kesho ataombwa aape tena. Rangi ile ni vilevile. Ni kiapo ambacho kichwa kinaapa mbele ya watu, na kila mwezi mzizi unakikanusha. Hivyo mtu anarudi kuapa tena, na kulipa tena. Lakini Bwana anataka ndiyo yetu iwe ndiyo. Ndiyo ya kweli haihitaji kupakwa upya kila mwezi, kwa maana inatoka katika mzizi.

4. Tusihukumu upande mmoja. Bwana alisema mweupe AO mweusi. Wazee wangu, ninyi munaoficha mvi kwa rangi nyeusi, somo hili ni lenu pia. Mithali 16:31 inaziita mvi taji. Nani anapaka taji yake matope? Na wewe baba unayesifu wanawake wa picha mbele ya mke wako, kiisha unamkaripia akienda saluni: ni nani aliyemtuma?

Wapokezi wa mlangoni, munisikie vizuri. Dada akifika ibadani na nywele za dhahabu, musimrudishe. Mathayo 10:30 inatufundisha kwamba nywele zetu zote zimehesabiwa, na hatukusoma pahali popote kwamba zenye rangi ziliachwa nje ya hesabu. Mumpe kiti, mumpe salamu. Mwenye kuponya mizizi ni Bwana, si mlinzi wa mlango.

Na wewe binti yangu, mbele ya kukaa kwenye kiti cha saluni, ujiulize neno moja: ninakwenda kupendeza, ao ninakwenda kuapa kwamba mimi si yule ambaye Mungu aliumba? Kama ni kuapa, usimame, urudi nyumbani. Aliyekuumba hakudai kiapo kwako. Anakujua tangu mzizi.

Bwana azibariki nyumba zetu, na ndiyo yetu iwe ndiyo. Amina.