Gari Zuri na Ulimi wa Muuzaji

Tuseme kijana wa Bukirasazi anauziwa gari la Kimarekani, Lincoln Town Car, lililotunzwa vizuri. Rangi inang'aa, viti ni vya ngozi, na usukani uko kushoto, kama barabara za Burundi zinavyotaka. Muuzaji anajua mambo mawili: giaboksi husumbua ikipata moto, na injini ya V8 hunywa mafuta sana, nasi foleni za mafuta tunazijua. Je, kunyamaza ni kudanganya?

Kuhusu giaboksi, mafakihi wameshasema: aibu ni kila kinachopunguza thamani kwa desturi ya wafanyabiashara. Kuificha ni haramu, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha gari, hata kama hakuuliza.

Unywaji wa mafuta si aibu iliyofichwa. Ni tabia ya gari lenyewe. Lakini kama mnunuzi haijui? Hapo sheria huenda isimshike muuzaji, ila nasaha itamshika. Jarir bin Abdillah (r.a.) alimwahidi Mtume (s.a.w.) kumtakia mema kila Muislamu. Imepokewa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwendea mwenyewe na kumpandishia hadi 800, kwani farasi alistahili. Muuzaji hakuwa ameomba.

Basi jiulize: ningekuwa mimi mnunuzi, ningetaka kuambiwa nini? Liseme hilo kabla ya kupokea pesa.