Wimbo, Pea na Kura: Swali la Maadili katika Sanaa Pendwa ya Ufaransa

Wahakiki wa sanaa pendwa wamezoea kuisifu kwa kuwa iliwaingiza makabwela katika siasa. Sifa hiyo ni ya haki. Ni nadra, hata hivyo, kuuliza iliwaingiza kwa mlango gani, na ni nani mwingine aliyepitia mlango huo ulipokwisha kufunguliwa. Ufaransa ya karne ya 19 yatulazimisha kuuliza.

Chini ya Louis-Philippe, aliyetawazwa 1830, haki ya kura ilikuwa ya mwanamume aliyelipa kodi isiyopungua faranga 200. Katika umma wa watu wapatao milioni 32, wapigakura wa 1831 hawakufika laki mbili. Waliobaki walikuwa na vilabu vya mvinyo, vyama vya waimbaji, na madirisha ya maduka ya picha. Pierre-Jean de Béranger alizitungia nyimbo zake mahadhi yaliyokwisha kujulikana, hata asiyejua kusoma akaweza kuondoka nazo kifuani. Wafalme wa Bourbon walikuwa wamemhukumu kifungo mara mbili, 1821 na 1828, na kila kifungo kilimwongezea wasikilizaji.

Kisha ikaja pea. Charles Philipon, mwenye gazeti la La Caricature, aliposhtakiwa Novemba 1831 kwa kumdhihaki mfalme, alijitetea kwa michoro minne: wa kwanza ni uso wa mfalme, wa mwisho ni tunda la pea. Je, kosa liko katika mchoro upi? Alifungwa, lakini watu wakaichora pea kutani kwa chaki.

Sheria ya Septemba 1835 ndiyo inayotuhusu zaidi. Katiba ilikuwa imeahidi uhuru wa kuchapisha maoni. Serikali ikadai kwamba picha si maoni bali ni kitendo, kwa kuwa husema na macho moja kwa moja. Maana yake ni kwamba kabwela hutikiswa tu, hafikiri. Tunaikataa hoja hii, ingawa baadhi yetu wahakiki huirudia bila kujua. Anayeicheka pea amelinganisha, amepima, na amehukumu.

Ugumu uko kwingine. Katika wimbo wa Béranger uitwao Les Souvenirs du peuple, uliochapishwa 1828, bibi kizee anawasimulia vijana jinsi Napoleon alivyofika kibandani kwake. Wimbo huu haumtaki msikilizaji ahukumu. Unamtaka akumbuke hata yale asiyoyaona. Béranger alimtumia marehemu kama fimbo ya kuwachapia Wabourbon. Fimbo hiyo haikutupwa. Mnamo Desemba 1848, wanaume wote walipopewa kura, Louis-Napoleon Bonaparte alipata zaidi ya milioni tano. Wimbo haukuwa sababu pekee: wakulima walikuwa wameudhiwa na kodi mpya, na wenye mali walikuwa na hofu. Lakini jina lake lilikwisha kuimbwa vijijini kabla yeye mwenyewe hajajulikana huko. Desemba 1851 aliipindua jamhuri. Februari 1852 akaamuru kila picha ipate idhini kabla ya kutolewa.

Je, mtunzi ana deni? Tunaamini analo, japo si la hatia: ni deni la mtu aliyewafundisha watu kupenda bila kuwafundisha kumdodosa wanayempenda. Pea ilimwachia mtazamaji jicho lake. Wimbo ule ulimwazima la bibi kizee.

Béranger alipofariki Julai 1857, serikali ya Napoleon III iligharamia mazishi yake, na ikajaza askari njiani ili umma ulioimba nyimbo zake usilikaribie jeneza.