Jirani Tusiyemwona: Kuomba Msaada kwa Watu Tusiowafahamu

Katika Injili ya Yohana sura ya 4, Bwana Yesu anafika kwenye kisima cha Yakobo saa sita mchana, amechoka kwa safari. Kisima ni kirefu, naye hana chombo cha kutekea. Anakuja mwanamke Msamaria, mtu asiyefahamiana naye, wa taifa ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo, na Yesu anamwomba maji. Tunapohubiri sura hii mara nyingi tunakimbilia maji ya uzima na kuliruka ombi lenyewe. Lakini mazungumzo yale yote yalianza kwa sababu Mwana wa Mungu alikubali kuonekana ana kiu mbele ya mgeni.

Siku hizi kuomba kwa wageni kumekuwa jambo la kila siku. Mama anayefuga kuku wa kienyeji, kijana anayejifunza kushona, mzee mstaafu aliyepanda nyanya nyuma ya nyumba, wote wanashika simu na kuandika: "Jamani, naombeni msaada." Baada ya dakika chache anajibu mtu aliyeko mkoa mwingine, ambaye hawajawahi kuonana na huenda hawataonana. Ni jambo dogo, lakini ndani yake lipo lile swali ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu katika Luka 10: jirani yangu ni nani? Huyu anayetujibu kutoka mbali, je, ni jirani yetu? Ana wajibu gani kwetu, na sisi tuna wajibu gani kwake? Na jirani wa karibu tumemwacha wapi?

Tuanze na kuomba kwenyewe. Wapo kati yetu wanaoona kwamba mtu mzima kuuliza mambo madogo ni kujidhalilisha. Imani yetu haisemi hivyo. Martin Luther alipofariki mjini Eisleben mwezi Februari 1546, kilikutwa kikaratasi alichoandika siku zake za mwisho, na neno lake kuu lilikuwa kwamba sisi sote ni ombaomba. Mwalimu aliyefasiri Biblia na kufundisha chuo kikuu kwa miaka mingi aliondoka duniani akijiita mwombaji. Tena, tulipokuwa kipaimara tulijifunza katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 maana ya kuomba mkate wa kila siku. Luther anataja chakula, mavazi, nyumba, shamba, mifugo, na anapoendelea na orodha yake anaweka humo pia marafiki wema na majirani waaminifu. Kumbe jirani ni sehemu ya mkate wetu. Tunapoomba riziki, tunaomba pia mtu wa kumwuliza.

Na Mungu haangalii cheo anapotuletea mtu wa kutujibu. Naamani alikuwa jemadari, lakini njia ya kupona kwake ilianzia kinywani mwa kijakazi aliyetekwa vitani. Ndivyo ilivyo hata leo. Kijana anayelia kwamba uzi unajikunja chini ya kitambaa anaweza kusaidiwa na mama asiyemfahamu, aliyeshona sare za shule maisha yake yote. Anamwambia asihangaike na bobini. Mara nyingi kasoro inayoonekana chini inatoka juu: auchomoe uzi wa juu, ainue kile kiguu kinachobana kitambaa, kisha aupitishe upya. Yule mama halipwi chochote. Ametumia bando lake na dakika zake za kupumzika. Hiyo ni zawadi halisi, na tusiidharau kwa sababu tu imepita kwenye simu.

Sasa tumwangalie anayejibu. Katekisimu inapofafanua amri ya saba, usiibe, haiishii kwenye kukataza wizi na biashara ya udanganyifu. Inatutaka tumsaidie jirani kutunza na kuendeleza mali yake na riziki yake. Kuku wa yule mama ni mali yake. Ndiyo ada ya mtoto, ndiyo nauli ya kwenda hospitali. Basi anayemjibu ameingia ndani ya amri ya saba, hata kama amelala kitandani kwake na anaandika kwa kidole kimoja.

Mama ameandika kwamba kuku wanaharisha kijani, wengine wamepinda shingo, na wawili wamekufa tangu asubuhi. Wenye ujuzi watahisi mara moja kwamba huenda ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu husababishwa na virusi na hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni chanjo, ambayo hutolewa kwa kuku walio wazima. Ipo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini mwingine anamwandikia kwa uhakika mkubwa anunue antibiotiki fulani na kuongeza kipimo mara mbili. Mama anatumia fedha ya mwisho, na kuku wanaendelea kufa. Aliyemshauri hataliona banda lile likiwa tupu. Amekwishahamia kwenye swali la mtu mwingine.

Kuhani na Mlawi walimwona majeruhi wakapita kando. Katika simu zetu watu mamia husoma ombi na kupita. Je, wote wana hatia ya Mlawi? Hapana. Asiyejua akinyamaza ametenda vema. Anayejua na akanyamaza kwa uvivu, huyo ana jambo la kujihoji mbele za Mungu. Lakini yupo mtu wa tatu ambaye mfano wa Bwana haukumtaja, naye ni yule anayesimama, anainama, kisha anamimina kwenye jeraha mafuta asiyoyajua, ili tu aonekane amesaidia. Huyo ni wa hatari kuliko aliyepita. Msamaria alijua kazi ya divai na mafuta aliyokuwa nayo, na pale uwezo wake ulipoishia alimpeleka majeruhi nyumba ya wageni, kwa mtu mwingine wa kumtunza. Kusema "mimi hili silijui, mtafute afisa mifugo wa kata leo hii" ni upendo kamili. Hakuna aibu ndani yake.

Jibu jema mara nyingi huanza kwa swali. Mzee wa nyanya anasema matunda yake yanakuwa meusi na kuoza kwenye kitako. Wengi watamtajia dawa ya ukungu. Mwenye hekima atamwuliza kwanza: unamwagilia mara ngapi? Maana nyanya inayokaushwa siku nne kisha ikafurikishwa siku ya tano hushindwa kupeleka madini ya kalsiamu kwenye tunda, na kitako huoza bila ukungu wowote. Anayeuliza kabla ya kujibu amekubali kwamba aliye upande wa pili ni mtu mwenye shamba lake na hali yake.

Anayeomba naye ana wajibu. Wa kwanza ni ukweli. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukisema kuku wanakufa lakini ukaficha kwamba hukuwachanja, umemfunga macho yule unayetaka akuongoze. Wa pili ni busara. Bwana aliwatuma wanafunzi wake wakiwa na upole wa hua, lakini pia na werevu wa nyoka. Anayekufuata faragha na kukuambia anayo dawa ya ajabu, tuma fedha kwa namba hii, hajaja kusaidia. Ushauri unaohusu uhai au fedha upimwe kwa mtu wa pili, na ikiwezekana awe mtaalamu anayeweza kufika kuona. Wa tatu ni shukrani. Wakoma 10 walitakaswa, akarudi mmoja, naye alikuwa mgeni. Wengi wetu tukishajibiwa hatuonekani tena. Tukirudi kusema "nilifanya hivi, ikasaidia", au "haikusaidia", tunamheshimu aliyejitolea, na tunamwachia taa yule atakayeuliza swali lilelile kesho.

Hata hivyo, lipo swali zito zaidi, na ndilo linalotuhusu sisi kama usharika. Kwa nini mama yule aliandika saa nne usiku kwa watu asiowajua, wakati jioni ileile alikuwa kwenye jumuiya, amezungukwa na watu 15, wengi wao wafugaji, na alipoulizwa habari alijibu kwamba nyumbani wote wazima, Mungu ni mwema?

Jibu tunalijua. Mgeni hatamsimulia mtu tunayemjua. Mgeni hatakumbuka kwamba mwaka jana tulijisifu kwa mradi wetu. Mbele ya mgeni tunaweza kuwa wajinga bila gharama, lakini mbele ya Mama Neema na mzee wa kanisa tuna heshima ya kulinda. Na mara nyingine hofu hiyo ina msingi. Tumewahi kuona shida ya mtu ikisemwa kwenye maombi siku ya Jumatano, na kufika sokoni Alhamisi. Pale ambapo kuomba kunaadhibiwa kwa masengenyo, watu watajifunza kuomba mbali.

Lakini tuone siri hiyo inafanya nini. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu wa mbali anaweza kutaja ugonjwa, lakini hawezi kuja kumshika kuku, wala kusaidia kuchimba shimo la kuzika waliokufa. Zaidi ya hayo, mdondo hauheshimu uzio. Wakati sisi tunaandika kwa siri kwa watu wa mikoa mingine, jirani ambaye kuku wake huvuka kila asubuhi kuja kudonoa uani kwetu hajui lolote. Angeambiwa, angewafungia. Na anayeharakisha kuwauza wagonjwa sokoni ili asipate hasara, bila kumwambia mtu, anaipeleka hasara yake kwenye nyumba nyingine. Hapo siri yetu imekuwa madhara kwa mwingine, na amri ya saba inatugeukia sisi tuliokuwa waombaji.

Kwa hiyo hatusemi waumini waache kuuliza wageni. Mungu ametupa majirani wengi kuliko tunaowaona, na ni haki kumshukuru kwa ajili yao. Tunasema kwamba mgeni asiwe mahali pa kujificha. Ukimwuliza wa mbali, mwambie na wa karibu. Na sisi tunaoketi kwenye jumuiya tuifanye iwe mahali ambapo mtu anaweza kusema "nimeshindwa" akaondoka na heshima yake yote. Katika kila ibada ya nyumba kwa nyumba tunaweza kutenga dakika 10 kabla ya sala ya mwisho, kila mwenye tatizo la kazi ya mikono aliseme: cherehani, kuku, bomba linalovuja, hesabu za duka. Wachungaji na wazee wa kanisa tutangulie kuuliza, ili wengine waone kwamba anayeuliza hadharauliwi. Mtu aliyezoea kuuliza habari za kuku wake mbele yetu, siku moja ataweza kuuliza habari za ndoa yake, au za imani yake inayoyumba. Aliyenyamaza kwenye dogo atanyamaza na kwenye kubwa.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, towashi wa Kushi, mtu mwenye mamlaka juu ya hazina ya malkia, alikiri mbele ya mgeni aliyemkuta njiani kwamba hawezi kuelewa anachosoma pasipo mtu wa kumwongoza. Filipo hakumjibu akiwa barabarani kisha akaenda zake. Alipanda garini, akaketi pamoja naye, wakasafiri hadi walipofika kwenye maji. Mungu atujalie unyenyekevu wa yule aliyeuliza, na moyo wa yule aliyepanda akaketi. Amina.