Je, Ni Dhambi Kula Mbegu?

Katika Kwaresima ya mwaka 2024, mafundisho ya wakatekumeni yalipokwisha, mama mmoja alibaki nyuma akingoja wengine waondoke. Tulimfahamu kidogo tu. Alikuwa ametoka upande wa Irumu pamoja na wengi waliokimbia vita, akakaa katika kambi moja pembezoni mwa Bunia. Tulidhani anataka kuuliza habari za ubatizo wa mtoto wake. Kumbe alikuwa na swali jingine. “Mwalimu,” alisema, “mtu akila mbegu, amefanya dhambi?”

Tulicheka kidogo, kwani hatukuelewa. Yeye hakucheka. Basi tukaketi naye chini ya mwembe, akatueleza.

Siku alipokimbia alichukua mtoto, sufuria moja, na fungu la masuke ya mpunga lililofungwa katika kitenge. Mpunga ule alikabidhiwa na mama mkwe wake, naye alikabidhiwa na mama yake mzazi. Ni mpunga mrefu, wa punje nyekundu, unaokaa shambani karibu miezi mitano. Nao wali wake, alisema, ukiwa motoni, jirani hana haja ya kuambiwa. Kule kwao fungu la mbegu lilining’inia sikuzote juu ya mafiga, ili moshi uwafukuze fukusi. Hata kambini alilining’iniza hivyohivyo katika kibanda chake cha turubai. Wenzake waliotoka kijiji kilekile walilijua, wakawa wakisema: tukirudi tutagawana lile. Kisha mtoto akaugua, chakula cha msaada kikakawia, wakakaa siku mbili bila kitu. Siku ya tatu alifungua kitenge, akapura, akatwanga, akapika. Mtoto alipona. Lakini wenzake walipopata habari, mmoja wao alimwambia: “Umetukatia mbegu.” Neno hilo ndilo lililomleta kwetu.

Tulimwomba arudi Jumapili. Tuseme kweli, jibu la kwanza tulikuwa nalo tangu seminarini. Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba katika shida kubwa kabisa, pale uhai wenyewe unapokuwa hatarini, mali zote huwa za wote. Naye anayetwaa cha mwenziwe ili asife njaa hahesabiwi kuwa mwizi. Ikiwa ndivyo kwa mali ya mwingine, sembuse fungu alilolibeba mwenyewe kichwani mwake? Basi Jumapili tulimwambia: Mama, hukutenda dhambi. Uliokoa uhai, na uhai hutangulia mpunga.

Akatutazama. “Asante, Mwalimu,” alisema. “Basi nani ataurudisha mpunga?”

Ndugu wasomaji, hapo tuliona kwamba tulikuwa tumejibu nusu ya swali. Mtu anaweza kuwa bila hatia, na hata hivyo kitu kikawa kimepotea ambacho hakikuwa chake peke yake. Wenzake walikosa upole, lakini hawakusema upuuzi. Mbegu ni mali ya namna ya pekee. Fedha ukiifukia ardhini utaikuta. Mbegu ya mpunga ukiihifadhi tu, katika joto na unyevu wa nchi yetu, baada ya miaka michache haioti tena. Haitunzwi kwa kufichwa, hutunzwa kwa kupandwa. Nayo kila ikipandwa hupita mikononi mwa mtu aliyeipokea kwa wengine, naye anadaiwa na watu ambao hawajazaliwa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo sheria ndogo ambayo wasomaji wengi huipita haraka: mtu akikuta kiota njiani anaruhusiwa kuchukua makinda au mayai, lakini mama wa ndege amwache aende zake. Kula matunda ya nchi ni haki yako. Kufunga chemchemi ya matunda hayo ni jambo jingine.

Mtu ataleta hoja: huo mpunga tunaouita wa wazee wetu, ni wa wazee gani? Tusidanganyane. Hoja hii ina nguvu. Mpunga si mmea wa kale huku kwetu kama ulezi. Uliingia Kongo ya mashariki katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Waarabu, Waswahili na Wamanyema, waliofuata pembe za ndovu na watumwa. Walilima mpunga Nyangwe, Kasongo na Kisangani, na vituo vyao vilifika mpaka Avakubi na Mawambi kwenye mto Ituri. Stanley alipopita katika msitu wetu mwaka 1887 aliwakuta wamekwisha tangulia. Baadaye ikaja serikali ya Wabelgiji, ambayo tangu 1917 iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa, mpunga ukiwa miongoni mwake, na asiyelima aliadhibiwa. Halafu tangu 1933 wataalamu wa INEAC kule Yangambi wakaanza kuchagua mbegu. Mojawapo, iliyoitwa R66, ikaenea sana katika mashamba ya nchi kavu.

Basi njia iliyoleta mpunga ilikuwa na machozi mengi. Lakini mbegu haibebi hatia ya mkono ulioileta. Hata Kiswahili hiki tunachoandikia kilifika kwetu kwa misafara ileile, nacho leo ndicho tunachosalia. Ulipokwisha kufika, mpunga uliingia mikononi mwa akina mama. Wao walitembea shambani kabla ya mavuno, wakachagua suke lililojaa, lisiloanguka kwa upepo, lisilopendwa na ndege, wakaliweka kando. Wakafanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Kwa kuwa ua la mpunga hujichavusha lenyewe, chaguo la mama mmoja halikuharibiwa upesi na shamba la jirani. Likabaki, likawa mbegu ya nyumba fulani na ya udongo fulani. Kazi ile haikuandikwa katika kitabu chochote. Imeandikwa ndani ya punje tu, na punje ikiisha, imefutika.

Turudi kwa mama yetu. Wako watu waliokufa njaa ili wasile mbegu. Wakati mji wa Leningrad ulipozingirwa na majeshi ya Wajerumani, tangu Septemba 1941 hata Januari 1944, kulikuwa humo nyumba ya wataalamu waliokusanya mbegu kutoka pande zote za dunia. Mkuu wao, Nikolai Vavilov, alikuwa amefungwa na serikali yake mwenyewe, akafa gerezani Saratov mwaka 1943. Wasaidizi wake walibaki wakilinda ngano, mahindi, njugu na mpunga katikati ya watu waliokuwa wakifa barabarani. Mlinzi wa mpunga aliitwa Dmitri Ivanov. Alikufa kwa njaa, na karibu naye zilikutwa pakiti maelfu za mpunga alizokuwa akizitunza, hazikuguswa.

Tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tulinyamaza muda mrefu. Je, tumhukumu mama wa kambini kwa mfano wa Ivanov? Hapana. Mapokeo ya Kanisa yanatofautisha amri na shauri: amri inamfunga kila mtu, shauri huitikiwa na anayejaliwa neema yake. Tena kuna tofauti kubwa kuliko hiyo. Ivanov alitoa uhai wake mwenyewe. Mama huyu, kama angelinda mbegu, angetoa uhai wa mtoto. Hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kuwa shujaa kwa mwili wa mwingine.

Sasa tuulize kosa lilikuwa wapi, kwa maana palipo na hasara namna hii mara nyingi kuna kosa, hata kama si la yule aliyeonekana. Sisi tunaliona hapa: mbegu ya kijiji kizima ilining’inia juu ya mafiga ya mwanamke mmoja mwenye njaa. Wote walisema “tutagawana”, lakini hakuna aliyempelekea kopo moja la unga ili lile fungu lisiguswe. Na tusiwalaumu wakimbizi peke yao, ambao nao hawakuwa na kitu. Sisi wa mjini, wenye nyumba na ghala, tulikuwa wapi? Tangu mapigano yaliporudi Djugu mwishoni mwa 2017 tumehesabu nyumba zilizochomwa na watu waliouawa. Mbegu zilizokufa hatukuzihesabu.

Mfano wa Kambodia unatufundisha zaidi kuliko ule wa Leningrad. Chini ya utawala wa Pol Pot, kati ya 1975 na 1979, watu walihamishwa kwa nguvu, wakafa njaa, na mbegu nyingi za mpunga wa zamani zikapotea. Lakini kabla ya hapo nyingine zilikuwa zimekusanywa na kuwekwa katika chuo cha mpunga cha Los Baños, Ufilipino, kilichoanzishwa mwaka 1960. Katika miaka ya 1980 mbegu zile zilirudishwa kwa wakulima wa Kambodia. Walikula mbegu zao kwa haki, na hawakukosa cha kupanda, kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameshika nyingine. Ndiyo maana ya kutunza pamoja. Ghala la baridi ni jambo jema, lakini mbegu humo hulala. Haijifunzi magonjwa mapya wala mvua zilizobadilika. Shamba linahitajika pia.

Wengine hutuambia: achaneni na mpunga wa miezi mitano, chukueni ule wa miezi mitatu. Hatuwapingi kwa ukali. Mbegu mpya zimelisha watu wengi, nasi tusingependa mtu alale njaa kwa ajili ya heshima ya bibi yake. Lakini mbegu mpya hutoka wapi? Ule mpunga uitwao NERICA ulipatikana katika miaka ya 1990, Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake walipouunganisha mpunga wa Asia na ule wa kale wa Afrika ya Magharibi, uliotunzwa na wakulima wa huko kwa maelfu ya miaka. Wakulima wale wangalichoka kuutunza, mtaalamu angaliunganisha nini?

Tena mpunga wa zamani una tabia yake. Ni mrefu, ukiumwagia mbolea nyingi ya chumvichumvi unakua kwa pupa, kisha unalala chini na mvua. Unataka chakula cha polepole: samadi ya mbuzi iliyooza, majani, maganda ya maharage, udongo uliopumzishwa. Kwa mtu asiye na fedha ya mfuko wa mbolea hiyo si hasara. Zamani msitu ulifanya kazi hiyo wenyewe, mtu alilima na kuhama. Sasa mashamba ni madogo na watu ni wengi, nasi hatuna mahali pa kuhamia. Ni lazima tuurudishie udongo kwa mikono kile tulichochukua.

Mwezi wa Agosti 2024 tulijaribu. Tulipata sokoni Bunia konzi chache za mpunga ambao haujakobolewa, mrefu na mwekundu, uliotoka njia ya Komanda. Hatukuwa na mbegu za kutosha kumwaga ovyo, basi tukakumbuka habari za Padri Henri de Laulanié, Myezuiti, ambaye mwaka 1983 huko Madagaska aliona kwamba miche michanga ikipandwa mmoja mmoja kwa nafasi huchipua sana kuliko ikisongamana. Yeye alifanya hivyo katika majaruba, sisi katika nchi kavu. Tulitia punje mojamoja katika kila shimo, na samadi, na majani ya yale maua ya njano yaotayo kando ya barabara. Watoto wa mafundisho waliamia ndege kwa zamu. Siku moja zamu ilisahauliwa, na ndege hawakusahau.

Tulikubaliana pia juu ya namna ya kukopesha: anayechukua kopo moja atarudisha mawili akivuna, moja la ghala na moja la jirani asiye na kitu, basi. Baadhi yetu walitaka zaidi. Tukawakumbusha habari za Yosefu, sura ya 47 ya Mwanzo: Wamisri walipewa mbegu, ndiyo, lakini walikuwa wamekwisha toa ng’ombe, mashamba, na wao wenyewe. Hatumtaki Farao katika ghala la parokia.

Tulivuna karibu na Noeli. Tulimpelekea yule mama suke la kwanza. Alilisugua kiganjani, akapuliza makapi, akauma punje moja.

“Huu si ule,” alisema. “Wetu ulikuwa na ndevu.”

Alituambia yuko wifi yake upande wa Komanda, huenda bado anao. Tulikusudia kwenda kuuliza mwaka 2025, baada ya mvua. Mwezi wa Julai mwaka ule waamini waliuawa usiku kanisani kule Komanda, wengi wao vijana waliokuwa katika sala. Safari ile hatujaifanya.

Mpunga usio na ndevu aliupokea hata hivyo. Fungu moja lilitundikwa juu ya mafiga yake, la pili juu ya jiko la katekista mwenzetu, la tatu kwa yule mama aliyemwambia neno lile.